Gunia la Alhamisi

Watu wa Al Ras, mtaa wa soko la viungo huko Dubai, walimjua Amour Shihab kwa kuinama. Mtu huyu hakuweza kuiona karatasi yenye maandishi imelala chini akaipita. Awe na haraka, awe na homa, awe amefuatana na wageni wa heshima, akiiona tu huinama akaiokota, akaipangusa kwa kiganja na kuitia mfukoni. Kipande cha gazeti, ukurasa wa daftari la mtoto, lebo ya gunia la iliki, kwake yote yalikuwa maandishi, na maandishi hayakanyagwi. Wachukuzi wa sokoni walimcheka, wakamwita Amour Makaratasi, naye akaitika.

Tabia hiyo hakuizua yeye. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Malindi, Unguja, na mwaka wa sitini na nne, mji ulipochafuka, kurasa za vitabu vya watu zilitapakaa vichochoroni. Amour alikuwa na miaka kumi na minane. Watu wanakimbia, yeye anamvuta baba yake mkono, na mzee ameinama anaokota. "Ngoja," akasema, "bado moja." Maneno hayo yalimkaa Amour moyoni miaka yote, Muscat na kisha Dubai. Ila alichukua nusu yake. Alikumbuka kwamba karatasi huokotwa. Kwamba mji ulipotulia baba yake alizunguka nyumba kwa nyumba akiulizia ukurasa huu wa nani na ule wa nani, hilo alilisahau, na ndilo lililokuja kumtia matatani.

Mwaka wa 2007 Amour alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa farashi wa jengo moja la Oud Metha, lenye ofisi chini na nyumba za kupangisha juu. Farashi ni mtu wa chai, wa barua, wa kupanda na kushuka. Lakini Amour alikuwa zaidi ya hapo, kwa sababu arbab, mwenye jengo, alimpa pete ya funguo za milango yote. Wapangaji wakisafiri, yeye ndiye anayeingia kumwagilia maua na kuangalia mabomba. Hakijapotea kijiko. Pete ile aliivaa kiunoni, na ukimwona anavyotembea nayo ungedhani amevaa jambia. Alijivuna nayo, tuseme kweli, na nani asingejivuna?

Kila Alhamisi adhuhuri alikusanya karatasi za juma zima kwenye gunia, akavuka khori, ule mkono wa bahari unaoukata mji, kwenda Al Ras kwa rafiki yake Sheikhan, mwoka mikate ya mofa. Sheikhan alikuwa na desturi yake: adhana ya alasiri ikilia huwasha tanuri, na kabla ya kuni humimina karatasi za Amour, konzi kwa konzi, na bismillahi kila konzi. Jivu hulizoa kwenye kopo, na Amour hulimwaga penye maji safi, Ijumaa iingie bila neno lililolala chini. Miaka mingapi walifanya hivyo hata wenyewe hawakumbuki.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa pili, kabla ya kwenda, Amour alipanda juu kabisa, kwenye paa, kutazama tangi la maji. Upepo wa shamali ulikuwa unavuma na mchanga wake. Akakuta shuka jeupe limejiviringisha kwenye nguzo ya antena, na karatasi kila mahali. Ndogo ndogo, ngumu, ukubwa wa kiganja. Nyingine zimenata kwenye miguu ya tangi, moja imo ndani ya kidimbwi, moja imekanyagwa na kiatu cha fundi wa antena. Akainama. Alipoitazama ya kwanza, mwili ulimsisimka. Haikuwa Kiingereza cha barua alizozoea kugawa. Herufi zilikuwa za mviringo, nyeusi, za wino wa kalamu ya kuchovya, na juu ya herufi palikuwa na nukta, kama nukta alizofundishwa na baba yake. Akasema moyoni: hiki ni kitabu cha kale, pengine Injili ya watu wa zamani, imetupwa upeponi na mtu asiye na haya.

Akaziokota zote, akazipangusa, akazifunga kwa mpira na kuziweka juu kabisa ndani ya gunia. Chini ya tangi akaona kijiko cha chai. Akakitia mfukoni, amuulize baadaye mwenye nacho. Angalia mambo ya binadamu: kijiko alitaka kukiulizia, karatasi hakutaka. Lau angejiuliza kijiko kimefuata nini kwenye paa, mkasa huu usingekuwapo. Lakini mtu aliyezoea kufanya wema hajiulizi sana.

Saa sita akalipeleka gunia Al Ras, akaswali, akarudi kazini.

Saa nane alikuwa ndani ya lifti na birika la chai ya ofisi ya pili, lifti ikasimama ghorofa ya tatu, akaingia Metrine. Huyu alikuwa msichana wa Kenya, wa kwao Webuye, aliyeletwa na wakala kumtunza Madam Nuala, mwanamke wa miaka themanini kutoka Ayalandi anayekaa na mwanawe. Metrine alikuwa na miezi mitano tu Dubai. Amour ndiye aliyemfundisha duka la kununua unga wa ugali na namna ya kuvuka barabara ya Oud Metha bila kuuawa. Naye kila asubuhi alimsalimu, "Shikamoo, mzee," kwa heshima ya mtoto aliyelelewa, na Amour akawa haanzi siku kabla ya salamu hiyo.

Siku hiyo hakusalimu. Macho yalikuwa mekundu.

"Mzee Amour, aki nisaidie. Umeona karatasi huko juu? Kadi za madam?"

"Kadi gani, mwanangu?"

"Kadi ndogo, za sanduku. Jana AC ilivuja ikazilowesha. Leo nikazipeleka juu zikauke, nikazitandaza kwa shuka, nikaweka vijiko juu zisipeperuke. Nilishuka kumpa dawa tu, nikarudi hakuna kitu. Sir anasema nimezitupa na takataka, eti hadithi ya paa ni uongo. Ameshapigia wakala simu. Wanakuja saa kumi na moja kunichukua, visa inakatwa, narudishwa nyumbani." Akajifuta pua kwa mkono. "Hizo kadi ni za neno moja, mzee. Madam na babake wameandika kamusi ya lugha ya kwao maisha yao yote. Mtu wa vifurushi anazikujia leo, saa hiyo hiyo, zipelekwe kuchapishwa. Nimewaambia niliziweka juu. Sir ananiuliza, nani alikuona? Sina shahidi hata mmoja."

Mkono wa Amour ulikuwa mfukoni. Ulikuwa umeshika kijiko.

Ulimi hauna mfupa. Kabla hajajua anasema nini, alikwisha kusema: "Sijaona."

Lifti ikafunguka chini. Metrine akamtazama, akautazama na mfuko, kidogo tu, akaenda nje kwenye mapipa makubwa ya taka kutafuta kisichokuwamo. Amour akabaki na birika. Alijiona kama mtu aliyeanguka ndani ya kisima na bado hajafika chini. Kwa nini alisema vile? Niwaambieni, maana mwenyewe alijua: aliona pete ya funguo. Aliona arbab akinyoosha mkono, "Lete funguo, Amour, nipe." Farashi anayechukua vitu vya wapangaji akavipeleka motoni ana kazi gani tena na funguo za milango? Miaka ishirini na miwili aliiona inamwagika kama maji ya birika lile. Akajiambia: nitakimbia sasa hivi, nizirudishe, niziweke paani nyuma ya tangi, mtu aziokote, mambo yaishe, hakuna aliyeumia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini kila mwongo hudhani yake itarefuka.

Akampigia Sheikhan. Simu ikaita mpaka ikachoka. Sheikhan akiwa anakanda, simu yake hukaa kwenye droo.

Birika aliliacha juu ya meza ya mlinzi na kukimbilia teksi. Alasiri ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Saa ya teksi ilisema nane na robo, na kwa siku nyingine muda ule ungemtosha kwenda na kurudi. Lakini Dubai ya mwaka ule ilikuwa inachimbwa kila pembe, na barabara ya kwenda Bur Dubai ilikuwa imejaa magari yasiyosogea. Saa nane na nusu. Saa tisa kasoro robo. Dereva, Mpathani mwenye subira, alikuwa anatafuna mbegu. Saa tisa na dakika tano Amour akafungua mlango katikati ya msongamano, akaenda kwa miguu. Kanzu aliikunja mpaka magotini. Watu wa ofisini waligeuka kumtazama mzee mzima anayekimbia juani, na yeye aliona aibu, akazidi kukimbia.

Kwenye gati abra, mashua ya kuvushia watu, ilikuwa na watu wanne. Abra haiondoki mpaka ijae, ndiyo desturi, na nahodha alikuwa ameketi juu ya injini yake anachokonoa meno.

"Yalla, ya akhi! Twende!"

"Sabr, sabr," akasema yule bila kugeuka.

Wakangoja. Akaingia mmoja na kapu. Wakaingia wawili wanabishana. Amour alikuwa anahesabu vichwa na huku midomo inakwenda, anasoma kila dua aliyoijua, na katikati ya dua anaona uso wa Metrine kwenye lifti ule wakati aliomtazama. Kidogo tu. Alikuwa amejua? Hapana, atajuaje. Lakini kwa nini alitazama mfuko?

Adhana ilianza wakiwa katikati ya maji.

Ikaanza msikiti mmoja, ikapokelewa na wa pili, na huko ng'ambo ya pili Sheikhan alikuwa anawasha kiberiti. Amour alijua kama alivyojua jina lake. Miaka yote aliusifu uaminifu wa mtu yule kwa saa zake, na leo alitamani rafiki yake awe mvivu, awe mgonjwa, awe ameghafilika na dunia.

Abra haijagusa gati yeye akaruka. Vichochoro vya Al Ras vilikuwa vimezibwa na mikokoteni ya ndimu kavu na mdalasini. Akapenya kwa bega. "Haya! Amour Makaratasi!" akapiga kelele mchukuzi mmoja. "Leo karatasi imemkimbia!" Wakacheka wote. Kifua kilikuwa kinamwaka.

Alipofika mlangoni pa Sheikhan, moshi ulikuwa unatoka.

Sheikhan alikuwa amechutama mbele ya tanuri, gunia pembeni, konzi mkononi. "Bismillahi," akasema, akatupa. Amour alipiga magoti akaingiza mkono motoni.

"Una wazimu? Amour! Toa mkono!"

"Zina mwenyewe!" Amour alikuwa analia. "Sheikhan, zina mwenyewe!"

Akavuta alichoweza kuvuta, akakipiga kwa kofia kikazimika, akaingiza tena. Mpira ulikuwa umekatika, kadi zimetawanyika. Nyingine zilikuwa bado kwenye mdomo wa tanuri, kingo zimeungua tu. Nyingine alizitazama zikijikunja kule ndani, nukta moja moja, mpaka zikawa nyeupe. Sheikhan alimshika kwa nyuma akamwondoa. Akaleta beseni la maji, akauzamisha mkono wa Amour humo taratibu, maana alikuwa mtu mpole.

"Kila karatasi ina mwenyewe, Amour," akasema mwisho. "Leo ndiyo umejua?"

Amour alizipanga kadi sakafuni kwa mkono mzima. Kumi na nne. Asubuhi, wakati wa kuzifunga, zilikuwa kumi na saba.

Wazo la kuziweka nyuma ya tangi liliishia hapo. Kadi iliyoungua haijifanyi kuwa imelala paani. Aliporudi kwa teksi, kupitia chini ya khori kwenye handaki la Shindagha, mkono umefungwa kitambaa cha kufunikia mikate, alijua hana njia nyingine ila mlango wa mbele.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Gari la wakala lilikuwa limesimama nje na injini inanguruma. Ghorofa ya tatu mlango ulikuwa wazi. Begi la Metrine liko kizingitini, na Metrine mwenyewe amesimama kando yake, amevaa viatu vya safari. Mtu wa wakala ameshika karatasi za kutia saini. Mwana wa Madam Nuala, mwanamume mrefu aliyekuwa daktari wa meno na ambaye sijapata kumsikia mtu akimwita mbaya, alikuwa amekunja uso kama mtu anayefanya jambo asilolipenda. Nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, mama yake ameweka sanduku tupu mapajani.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Amour akaingia, akaziweka kadi ndani ya sanduku lile.

"Mimi ndiye niliyezichukua, sir," akasema kwa Kiingereza chake cha bandarini. "Zilikuwa paani, upepo umezitawanya. Huyu msichana alisema kweli. Niliziona, mimi ni shahidi yake. Nilidhani zimetupwa, nikazipeleka kuchomwa kama tunavyochoma sisi maandishi yasikanyagwe. Tatu zimeungua. Nisameheni."

Mtu wa wakala akatazama saa yake.

"Hukuuliza ni za nani?" akasema daktari.

"Sikuuliza."

"Na yeye je? Jengo hili zima likipoteza kitu, wewe ndiye wa kwanza kuulizwa. Metrine hakukuuliza?"

Hapo Amour alimgeukia Metrine, na Metrine akamtazama vilevile alivyomtazama kwenye lifti. Neno moja la msichana yule lingetosha. Alikuwa na haki nalo. Saa tatu nzima aliachwa peke yake, ameketi juu ya begi lake. Amour akakishika kijiko mfukoni, akakiacha humo.

"Sikumpata, sir," akasema Metrine. "Nilimtafuta nikamkosa."

Daktari akashusha pumzi, akamwambia mtu wa wakala aende zake, akamwomba Metrine radhi pale pale mbele ya watu, na hilo ni jambo ambalo si kila sir wa Dubai hulifanya. Metrine akalibeba begi lake akalirudisha ndani. Amour akaachiwa pete yake kiunoni. Kila mtu akadhani mambo yamekwisha.

Madam Nuala hakudhani chochote. Alikuwa anazipanga kadi mezani, safu kwa safu, anatafuta mapengo. Mpangilio anaujua. Huku anapanga anasema, na Metrine anamfasiria Amour kwa sauti kavu, bila kumtazama.

"Anasema neno lao ni *dílis*, hutamkwa diilish. Maana yake mwaminifu. Hii ya kwanza ni asili. Zamani sana lilikuwa neno la mahakimu, *díles*: kitu kilicho chako kweli, mtu mwingine hawezi kukudai. Baadaye ndiyo wakamwita mtu hivyo. Hii ni mwanamume mwaminifu, *fear dílis*. Hii ni mwanamke, *bean dhílis*, neno linabadilika kichwani, babake aliweka nukta juu ya herufi, inasomeka yiilish. Hii *dílse*, wakiwa wengi, ama ukisema huyu amemzidi yule uaminifu. Hii *ainm dílis*, jina lako mwenyewe. Hii *tír dhílis*, nchi ya kwenu."

"Na letu hubadilika kichwani," akanong'ona Amour. "Mwaminifu, waaminifu."

Kila kadi ilikuwa na jina la mtu chini yake. Ndiyo kanuni, akasema Madam Nuala: neno haliingii kitabuni bila mdomo uliolisema, jina la msemaji na kijiji chake. Neno lisilo na shahidi hutupwa. Akafika mwisho wa safu, akagusa meza penye mapengo matatu. Mawili yalikuwa ya maumbo tu, yale hata vitabu vingine vinayo, atayaandika tena usiku huo huo ayatume kwa simu. La tatu lilikuwa sentensi ya mama yake mzazi. Aliiandika akiwa msichana, jikoni kwao. Sentensi ile haikuwamo kwingine kokote duniani.

"Anasema anamkumbuka mamake ameketi," Metrine akafasiri, na sauti ikamvunjika kidogo, "anakumbuka alikuwa anacheka. Maneno yameenda. Anajaribu, hayaji."

Mtu wa vifurushi akabisha hodi saa kumi na moja kamili. Kadi zikaenda kumi na nne, zinanuka moshi wa mofa.

Tangu siku ile Metrine hakumwamkia tena. Asifikirie mtu kwamba alimnunia. Alimwambia "good morning" kama wanavyoambiana watu wa ofisini, akampisha mlangoni, akampokea barua kwa mikono miwili. Lakini shikamoo haikuwapo. Amour alikaa akiisubiri kila asubuhi. Mkono ulipona ukaacha kovu la rangi ya waridi. Alitundika kamba ukutani karibu na lifti, na kila karatasi aliyoiokota aliibana hapo kwa kibanio cha nguo, ikae wiki nzima mwenyewe aione. Wapangaji walimsifu. Arbab alimsifu. Kijiko kilikuwa bado mfukoni. Alikuwa anashindwa kukirudisha, na anashindwa kukitupa. Akivua kanzu hukihamisha, akivaa nyingine hukitia. Mke wake Asila alimuuliza mara moja kijiko hicho ni cha nini, akasema cha watu.

Mwezi wa saba, joto limepamba moto, ikaja bahasha kutoka Ayalandi. Amour akapanda nayo. Daktari alikuwa nyumbani siku hiyo. Madam Nuala, ambaye macho yalikuwa yamezidi kufifia, akampa Metrine amsomee. Ulikuwa ukurasa mmoja uliochapishwa, neno na maumbo yake, na chini ya kila umbo mfano, na chini ya kila mfano jina la msemaji. Metrine alisoma polepole, diilish, yiilish, diilshe, na bibi kizee akawa anaitikia kwa kichwa kila jina, kama mtu anayepita kijijini kwake akisalimiwa. Mpaka jina la mwisho.

"Ndiyo mwisho, madam."

Bibi akaushika ukurasa, akaupapasa kwa kidole mpaka chini, pale karatasi ilipokuwa nyeupe. "Hapa palikuwa pa mama," akasema.

Hakumlaumu mtu. Alisema tu. Amour alikwisha kuomba radhi kwa moto, na wakampa. Lakini yeye alijua kwamba moto haukuwa kosa lake kubwa. Moto ulikuwa ujinga. Kosa lilikuwa kwenye lifti, na kosa lile hakuna aliyemsamehe kwa sababu hakuna aliyeambiwa, isipokuwa yule mmoja aliyekuwa anamwambia "good morning".

Akaifungua pete. Ufunguo wa mlango ule ulikuwa mgumu kutoka, akauvuta kwa kucha mpaka ukatoka, akauweka mezani. Kando yake akaweka kijiko.

"Sir," akasema, "siku ile saa nane Metrine aliniuliza. Tulikuwa kwenye lifti. Kijiko hiki nilikiokota pamoja na kadi, kilikuwa mfukoni mwangu, nimekishika. Nikamwambia sijaona. Ningesema hapo hapo, mngempelekea Sheikhan mwoka mikate watu, mngetuma gari, labda zisingeungua. Niliogopa kunyang'anywa funguo hizi."

Daktari alikitazama kijiko. Kilikuwa cha seti yao, chenye ua kwenye mpini. Akamgeukia Metrine. "Ulisema hukumpata."

"Nilisema, sir."

"Kwa nini?"

Metrine alikunja ukurasa wa madam taratibu kabla ya kujibu. "Nilikuwa nimekaa kwa begi langu saa tatu nzima, sir. Nilijua vile inauma. Sikutaka nione mzee pia anatolewa hivyo. Lakini nilikuwa nangoja aseme."

Daktari akauchukua ufunguo, akautia mfukoni mwake. Hakupaza sauti. "Arbab itabidi ajue."

"Nitamwambia mwenyewe," akasema Amour. "Na hizi nyingine nitampa."

Akatoka. Lifti ilikuwa juu, hakuingoja, akashika ngazi. Kiuno kilikuwa chepesi, na wepesi ule ulimuuma. Alikuwa ameshuka vidato vitano aliposikia viatu vya Metrine vimefika kizingitini vikasimama.

"Mzee."

"Labeka."

"Shikamoo."

Amour akashika ukuta kwa ule mkono wenye kovu. Ilimchukua muda mrefu kuipata sauti ya kuitikia, na Metrine akangoja pale mlangoni mpaka ikaja.

"Marahaba, mwanangu."